Anton de Bary, mtabibu aliyetufumbulia fumbo la ukungu

Waliolelewa katika nyanda za juu za Kinangop kama mimi wanaufahamu vyema msimu ule ambapo mvua haikatiki, umande haukauki majanini, na jua huchungulia kwa saa moja tu kutwa. Ni katika msimu kama huo, nikiwa ningali mwanafunzi wa shule ya msingi, nilipoliona shamba la viazi la mama likiangamia. Lilikuwa shamba la kijani kibichi, nasi tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu ya magunia. Kabla ya majuma mawili kutimia, majani yalikuwa yamekunjamana na kuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na uvundo wa viazi vilivyooza ulitufikia hadi jikoni.

Wazee wa kijiji walisema ni baridi iliyoyaunguza majani. Wapo walionong'ona kwamba kulikuwa na jicho baya. Mama, kwa upande wake, alijilaumu kwamba alichelewa kupanda. Alivichimbua vile vichache vilivyosalia, akavitupa vilivyooza katika lundo pembeni mwa shamba, na katika vile vilivyoonekana vizima akachagua mbegu ya msimu uliofuata. Msimu huo nao mambo yakawa yale yale. Karo ya dada yangu mkubwa ilitegemea viazi hivyo; aliacha shule mwaka huo, na hakurudi tena.

Nimeanza na kisa hiki, msomaji mpendwa, kwa sababu leo nataka kusimulia maisha ya mtu aliyekuwa amekwisha kulitegua fumbo la shamba la mama zaidi ya miaka mia moja kabla halijaungua. Jina lake ni Heinrich Anton de Bary, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa botania, yaani elimu ya mimea. Wanaosomea magonjwa ya mimea katika vyuo vikuu wanamjua. Wakulima ambao maisha yao yanategemea kazi yake hawajapata kulisikia jina lake.

De Bary alizaliwa mjini Frankfurt tarehe 26 Januari 1831, akiwa mmoja wa watoto kumi wa mtabibu mmoja. Tangu ujana wake alipenda kuandamana na watu waliokusanya mimea na viumbe vingine mashambani, na katika mji huo huo alimpata Georg Fresenius, mtabibu aliyekuwa pia mwalimu wa botania, ambaye alimwelekeza kwenye viumbe vidogo ambavyo wengi hawakuvijali: mwani, uyoga na kuvu. Kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, mwana alitarajiwa kuifuata kazi ya baba. Akasomea utabibu Heidelberg, Marburg na hatimaye Berlin, akahitimu mwaka 1853.

Hata hivyo, moyo wake haukuwa kwenye wagonjwa. Katika mwaka ule ule wa kuhitimu, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alichapisha kitabu kuhusu kuvu zinazosababisha magonjwa ya nafaka, hasa kutu ya ngano na ile masizi nyeusi inayojaza masuke badala ya punje. Alifanya utabibu kwa muda mfupi Frankfurt, kisha akauacha. Mwaka 1854 alianza kufundisha botania Tübingen, na mwaka uliofuata akahamia Freiburg, alikoanzisha maabara ya botania ambamo wanafunzi hawakukaa kumsikiliza tu, bali walitazama wenyewe kwa hadubini yale waliyokuwa wakifundishwa.

Ili tuelewe uzito wa kitabu cha kijana yule, hatuna budi kwanza kuelewa watu wa zama zake waliamini nini. Kwamba majani yanayougua huwa na kuvu, hilo halikuwa na ubishi. Kila mwenye hadubini aliiona. Ubishi ulikuwa juu ya kipi kilitangulia. Wataalamu wengi walishikilia kwamba mmea huugua kwanza, kwa sababu ya unyevu, baridi au udhaifu wake wenyewe, na kwamba kuvu huzaliwa kutokana na uozo huo, kama vile usaha unavyotoka kidondani. Kwa maoni yao, kuvu ilikuwa matokeo ya ugonjwa, wala haikuwa chanzo chake.

Tusiwacheke. Lugha yetu yenyewe ina neno moja, ukungu, kwa wingu linalotanda shambani alfajiri na kwa utando unaoota juu ya mkate uliochacha. Viwili hivyo huandamana. Penye unyevu pana ukungu wa aina zote mbili, na macho matupu hayawezi kuamua ni upi unaoua. Wazee wa Kinangop waliosema ni baridi walikuwa wamekosea kwa namna ile ile walivyokosea maprofesa wa Ulaya.

Na kosa hilo lilikuwa na gharama kubwa. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ulaya, na huko Ireland, ambako mamilioni ya watu maskini walikuwa hawana chakula kingine, ulileta njaa iliyodumu kwa miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Sitaki msomaji adhani kwamba kuvu peke yake ndiyo iliyowaua. Sheria za ardhi na ubahili wa watawala ulichangia pakubwa, maana nafaka iliendelea kusafirishwa kutoka katika nchi hiyo hiyo iliyokuwa ikifa njaa. Lakini juu ya chanzo cha ugonjwa wenyewe, kila mtu alikuwa na lake. Mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, John Lindley, aliulaumu unyevu uliopita kiasi. Wengine waliulaumu umeme wa radi, na wapo walioyalaumu magari-moshi yaliyokuwa yameanza kupita mashambani. Kasisi mmoja Mwingereza, Miles Joseph Berkeley, aliandika mwaka 1846 kwamba mhalifu ni kuvu ile iliyoonekana majanini, lakini alikosa jaribio la kuwanyamazisha wapinzani wake.

Jaribio hilo lilifanywa na de Bary. Mwaka 1861 alichapisha kijitabu kuhusu ugonjwa wa viazi, chanzo chake na namna ya kuuzuia. Njia yake ilikuwa sahili kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari angeweza kuirudia. Aliiotesha mimea ya viazi katika hali moja ya ubaridi na unyevu. Baadhi ya mimea aliipaka vimbegu vya kuvu, yaani zile chembe ndogo ambazo kuvu huenezwa nazo; mingine aliikinga isifikiwe na vimbegu hivyo. Ile iliyopakwa iliugua na kuoza. Ile iliyokingwa, licha ya ubaridi na unyevu ule ule, ilibaki na afya. Aidha, kwa hadubini aliviona vimbegu hivyo vikitoa vijimbegu vingine vyenye kuogelea katika tone la maji, kisha vikichipua na kupenya ndani ya jani zima lisilokuwa na kidonda. Hapo ikabainika kazi halisi ya unyevu: hauui mmea, bali unamfungulia mwuaji mlango. Mwaka 1876 alikipa kiumbe hicho jina la kisayansi linalotumika hadi leo, Phytophthora infestans. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na Kigiriki, na maana yake ni mwangamizi wa mimea.

Baada ya viazi aligeukia tena ngano, na hapa kisa chake kinanivutia zaidi, kwa sababu kinawahusu wakulima waliokuwa wakidharauliwa. Kwa vizazi vingi wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa wakidai kwamba ngano iliyopandwa karibu na mberberi, kichaka chenye miiba na matunda mekundu, hushikwa na kutu. Katika koloni la Connecticut, huko Marekani, sheria dhidi ya vichaka hivyo ilikuwa imetungwa mapema mwaka 1726. Mwalimu mmoja wa shule nchini Denmark alifanya majaribio yake mwanzoni mwa karne ya 19 na kuthibitisha madai hayo. Wasomi hawakuyakubali. Walisema kwamba kuvu ya rangi ya machungwa iliyo kwenye majani ya mberberi ina umbo lake na jina lake, na kutu ya ngano ina umbo na jina jingine. Iweje moja izae nyingine?

De Bary hakubishana nao kwa maneno. Alichukua vimbegu vyeusi vya kutu vinavyokaa majira ya baridi juu ya mabua ya ngano, akaviotesha, na vile vilivyotokana navyo akavipanda juu ya majani ya mberberi. Kuvu ya rangi ya machungwa ikatokea. Kisha akachukua vimbegu vya kuvu hiyo ya mberberi akaviweka juu ya nafaka changa, na kutu ikatokea. Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 1865. Kumbe viumbe vilivyokuwa vimeorodheshwa na wataalamu kuwa aina mbalimbali vilikuwa kiumbe kimoja, kinachobadili vazi kila kinapobadili mwenyeji wake. Wakulima walikuwa wamesema kweli muda wote huo. Baadaye, kuanzia mwaka 1918, Marekani iliendesha kampeni kubwa ya kuving'oa vichaka vya mberberi ili kuiokoa ngano yake.

Ugunduzi huo uliitikisa elimu nzima ya uainishaji wa kuvu. Kabla ya de Bary, kuvu ziliainishwa zaidi kwa sura: rangi, umbo, mahali zinapoota. Ni sawa na mtu anayewapa majina matatu tofauti kiluwiluwi, chura mchanga na chura mzee, akadhani ameorodhesha wanyama watatu. De Bary alisisitiza kwamba kiumbe hakiwezi kupangwa mahali pake mpaka mzunguko mzima wa maisha yake ujulikane, tangu kimbegu hadi kimbegu. Kwa kanuni hiyo, mwaka 1859 alizihamisha zile kuvu za utelezi zinazotambaa juu ya magogo yaliyooza, akadai kwamba ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Mwaka 1866 alitoa kitabu kikubwa kuhusu maumbile na uhai wa kuvu, na mwaka 1884 akakiandika upya. Wengi humwita baba wa elimu ya kisasa ya kuvu, na pia baba wa elimu ya magonjwa ya mimea.

Nikiri hapa kwamba kazi ya uainishaji haikuishia kwake. Uchunguzi wa karne ya 20 ulionyesha kwamba yule mwangamizi wa viazi si kuvu halisi. Jamaa zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Sidhani kwamba de Bary angelichukia sahihisho hilo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kusahihisha orodha za waliomtangulia.

Mwaka 1867 alihamia Chuo Kikuu cha Halle, na mwaka 1872, baada ya Ujerumani kuutwaa mji wa Strasbourg kutoka kwa Ufaransa kwa vita, alipelekwa huko na kuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu kilichofunguliwa upya. Ni katika miaka hiyo alipolitoa wazo ambalo limevuka mipaka ya botania. Huenda msomaji ameuona utando wa kijivu au kijani unaoshikamana na mawe na vigogo vya miti, ambao baadhi ya waandishi wa Kiswahili huuita kuvumwani. Jina hilo linajieleza lenyewe: ni kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja. De Bary alidokeza uwezekano huo mwaka 1866 kuhusu baadhi ya aina zake, na Simon Schwendener, Mswisi, akatamka kwa uwazi baada yake kwamba ndivyo zilivyo zote. Wataalamu waliokuwa wametumia maisha yao kuziorodhesha kama mimea kamili walighadhibika.

Mwaka 1878, mbele ya mkutano wa wanasayansi na matabibu wa Kijerumani mjini Kassel, de Bary aliyakusanya mambo hayo chini ya dhana moja, simbiosi, yaani kuishi pamoja kwa viumbe visivyo vya jinsi moja. Watu wengi siku hizi hulitumia neno hilo kwa maana ya urafiki tu. De Bary hakulifanya hivyo. Kwake, kupe na ng'ombe wamo, na maua na nyuki wanakaribia kuwamo; kuna kuishi pamoja kunakonufaisha wote, kuna kunakomla mmoja polepole, na kati ya ncha hizo mbili kuna daraja nyingi. Mwaka 1885 mwenzake Albert Bernhard Frank alionyesha kwamba mizizi ya miti mingi imefungamana na kuvu zinazoisaidia kupata chakula kutoka udongoni. Hivyo jamaa za kuvu zile zile zinazotunyima ngano ndizo zinazotulishia misitu.

De Bary hakuishi maisha marefu. Alifariki Strasbourg tarehe 19 Januari 1888 kwa ugonjwa wa uvimbe wa taya, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 57. Lakini alikuwa ameacha wanafunzi waliotawanyika duniani: William Farlow aliyerudi kufundisha Harvard, Mikhail Woronin na Sergei Winogradsky kutoka Urusi, na Harry Marshall Ward kutoka Uingereza.

Huyu wa mwisho anatuhusu sisi. Mwaka 1880 alitumwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kuchunguza kutu iliyokuwa ikiangamiza kahawa. Kwa muda wa miaka miwili hivi alitumia njia za mwalimu wake: alifuata kimbegu tangu kinapotua juu ya jani hadi kinapopenya kwenye vitundu vyake, akaonyesha kwamba upepo ndio unaovieneza vimbegu hivyo, na kwamba dawa isiyokuwapo juu ya jani kabla kimbegu hakijachipua ni kazi bure. Kahawa ya Ceylon haikuokolewa. Mashamba yakageuzwa kuwa ya chai. Lakini mkulima wa Kiambu au Nyeri anayenyunyizia mikahawa yake dawa ya shaba kabla ya mvua, hata majani yakabaki na rangi ya samawati, anaitii kanuni ile ile. Dawa ya mrututu na chokaa yenyewe ilitangazwa Ufaransa mwaka 1885 na Alexis Millardet, ambaye naye alipata kusoma kwa de Bary. Na watafiti wa Ruiru walipotoa mwaka 1985 aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili kutu ya majani na ugonjwa wa matunda ya kahawa, walikuwa wakijenga juu ya msingi huo huo. Wale wa Njoro nao, wanaozijaribu mbegu za ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu iliyopewa jina Ug99 kwa kuwa ilitambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, wanapambana na kuvu ile ile aliyoifuata de Bary kutoka kwenye ngano hadi kwenye mberberi.

Basi elimu tunayo, na vituo vya utafiti tunavyo. Linalonisumbua ni umbali uliopo kati ya kituo na shamba. Matokeo ya 1861 hayakuwa yamefika Kinangop mama alipovitupa viazi vyake pembeni. Hakuna aliyemweleza kwamba lundo lile lilikuwa ghala la vimbegu, wala kwamba viazi alivyovichagua kuwa mbegu, hata vilivyoonekana vizima, vingeweza kuubeba ugonjwa. Angeelezwa, angeufukia uozo ule kwa jembe lake mwenyewe kwa alasiri moja, bila gharama, na angetafuta mbegu mahali pengine. Badala yake tuliachiwa baridi, na baridi haina dawa; na jicho baya, ambalo dawa yake ni kuwachukia majirani.

Serikali zetu, ile ya kitaifa na zile za kaunti zilizokabidhiwa kilimo chini ya Katiba ya 2010, hupenda kuzungumzia mbolea na masoko. Hayo ni ya lazima. Lakini afisa wa kilimo anayefika shambani, akainama, akaligeuza jani na kumwonyesha mkulima utando mweupe ulio chini yake, ni wa lazima vilevile, na katika vijiji vingi amekuwa mgeni adimu. Mkulima akipewa dawa bila kuelezwa sababu, ataitumia vibaya, au ataitumia ikiwa imechelewa. Akielezwa sababu, atagundua hata yale ambayo wataalamu hawajayaona, kama wale wakulima wa mberberi.

Mama ni mzee sasa, na hapandi viazi tena. Nilipomsimulia habari za de Bary mwaka jana, alisikiliza kwa makini hadi mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja tu, lile lundo la pembeni mwa shamba, kama kweli lilikuwa na uhusiano wowote na masomo ya dada yangu. Sikujua nimjibu nini bila kumwumiza. Nikamwambia kwamba halikuwa kosa lake.